Mwalimu Akihama, Nani Awaambie Wazazi?

Safu ya mwezi huu tumeitoa yote kwa shule za msingi za Dar es Salaam: walimu wanaohama, wanaoingia, wanaokaimu na wanaostaafu, na jinsi habari hizo zinavyowafikia wazazi, au zinavyokwama njiani. Barua tumezifupisha na majina ya shule tumeyaondoa.

Mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba amehamishwa mwezi wa tano. Hatukuambiwa kitu. Mtoto ndiye aliyeniambia wiki ya tatu kwamba kipindi cha Hisabati wanakaa tu. Mtihani ni Septemba. Nianzie wapi? (Mama wa watoto watatu, Mbagala)

Mama, anzia kwenye daftari la mwanao kabla hujafika shuleni. Fungua ukurasa wa mwisho wenye kazi iliyosahihishwa. Andika tarehe pembeni ya karatasi yako, andika na mada. Halafu hesabu kazi zilizofanyika baada ya hapo ambazo hazina alama ya kalamu nyekundu. Ukifika ofisini na maneno "watoto hawafundishwi", utajibiwa kwa maneno. Ukifika na tarehe ya kazi ya mwisho, mada iliyoishia, na kurasa mbili ambazo mtoto amenakili maswali ubaoni bila kuyajibu, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Pili, ujue mamlaka yako wapi. Mwalimu Mkuu hana uwezo wa kuzuia uhamisho. Mwalimu wa serikali anahamishwa na mwajiri wake, na ndani ya halmashauri mwajiri huyo ni Mkurugenzi. Akienda nje ya halmashauri, kibali kinatoka ngazi za juu zaidi. Siku hizi mwalimu mwenyewe huomba kupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma, na wengi huhama kwa kubadilishana: wa hapa anakwenda kule, wa kule anakuja hapa. Kwa hiyo swali lako la kwanza liwe hili: amehama kwa kubadilishana? Kama ndiyo, kuna mwalimu anayepaswa kuripoti, na unachotaka kujua ni lini anafika na somo lake ni lipi. Kubadilishana hakuhakikishi kwamba ameondoka wa Hisabati na amekuja wa Hisabati.

Kama si kubadilishana, uliza vipindi vyake vimegawiwa vipi. Hapa ndipo shule nyingi zinapokosea. Tuseme aliyeondoka alikuwa na vipindi 24 kwa wiki. Mwalimu wa taaluma anatazama ratiba, anaona nani ana nafasi Jumanne saa nne, anamwandika huyo. Nafasi kwenye ratiba na uwezo wa kufundisha sehemu na asilimia ni mambo mawili tofauti. Mwalimu aliyepewa kwa sababu tu alikuwa na nafasi ataandika maswali ubaoni na kuondoka, na hicho ndicho alichokiona mwanao. Njia inayofaa ni kuanza na mtu: nani kati ya walimu waliobaki anaiweza Hisabati ya darasa la saba, hata kama sasa anafundisha la tano? Apewe la saba, halafu vipindi vyake vya masomo mengine ndivyo wagawane wengine. Kuna kosa jingine kubwa zaidi, nalo ni kumchomoa mwalimu hodari wa darasa la kwanza au la pili kuja kuokoa la saba. Shule inapata nafuu ya miezi minne na kulipa miaka mitano mbele, kwa watoto wasiojua kusoma.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi una masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300. Hisabati ikianguka inavuta wastani wote, kwa hiyo una haki ya kuharakisha. Mwone Mwalimu Mkuu kwanza, mpe wiki moja. Pasipo mabadiliko, nenda kwa Afisa Elimu Kata. Huyo ndiye anayejua shule ya jirani ina walimu wangapi wa Hisabati na anaweza kumshauri Afisa Elimu Msingi wa halmashauri amsogeze mmoja ndani ya kata ileile. Uhamisho wa ndani ya kata ni mwepesi, kwa kuwa mwalimu hahami nyumba. Ukirukia kwa Mkurugenzi moja kwa moja, barua yako itateremshwa kwa Afisa Elimu Kata huyohuyo, nawe utakuwa umepoteza wiki mbili.

Mwalimu Mkuu wetu alistaafu, na tangu hapo tuna kaimu. Sasa ni mwezi wa nane akikaimu. Ni sawa? (Mjumbe wa kamati ya shule, Tabata)

Si sawa. Taratibu za utumishi wa umma zinataka kukaimu kusizidi miezi sita. Kamati iandike barua kwa Mkurugenzi kupitia kwa Afisa Elimu Kata, na muhtasari wa kikao kilichojadili jambo hili uambatanishwe. Msiandike kwamba kaimu hafai, hata kama mnafikiri hivyo. Andikeni kinachokwama kwa sababu ya kukaimu: mipango ya mwaka, malipo, matengenezo yanayosubiri mwenye mamlaka kamili.

Nimeteuliwa kuwa Mwalimu Mkuu wa shule nyingine, naripoti wiki ijayo. Shikamooni wakubwa. Naomba mnieleze makabidhiano yafanyike vipi, maana nimesikia wenzangu wakiingia kwenye madeni wasiyoyajua. (Mwalimu, Ubungo)

Marahaba, Mwalimu, na hongera. Swali lako tunalijibu kwa urefu, kwa sababu makabidhiano mabaya ndiyo chanzo cha ugomvi mwingi unaoonekana baadaye kana kwamba ni ugomvi wa wazazi na shule.

Usikubali makabidhiano ya mdomo, wala yale ya kupewa funguo getini. Wawepo anayeondoka, wewe, Afisa Elimu Kata, mwenyekiti wa kamati ya shule na mtunza stoo. Hati iandikwe, kila ukurasa utiwe saini, nakala zibaki shuleni, kwa Afisa Elimu Kata na kwa Afisa Elimu Msingi, na yako mwenyewe ukae nayo. Tenga siku nzima. Shule yenye wanafunzi elfu moja na kitu haikabidhiwi kwa saa mbili.

Fedha kwanza. Omba taarifa ya benki ya tarehe ileile ya makabidhiano, si ya mwisho wa mwezi uliopita. Ilinganishe na daftari la fedha taslimu na hati za malipo, kisha uliza ni nani anaidai shule. Fundi wa madawati, duka la vifaa vya kuandikia, mchapaji wa mitihani ya majaribio, mlinzi, bili ya maji ya DAWASA, luku: kila deni liandikwe jina la mdai, kiasi, na kazi iliyofanyika. Deni ambalo halikuandikwa siku hiyo litakufuata wewe, na aliyekopa atakuwa Kigamboni au Chanika hapokei simu.

Fahamu pia fedha zenyewe zinakujaje. Ruzuku ya elimu bila ada kwa shule ya msingi ilipangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, ambapo 4,000 zinabaki serikalini kwa ajili ya vitabu na 6,000 zinapelekwa shuleni. Kwa wanafunzi 1,200 hiyo ni 7,200,000 kwa mwaka mzima, sawa na 600,000 kwa mwezi. Ukiona shule ya ukubwa huo imeingia deni la milioni nne, tayari unajua kwamba zaidi ya nusu ya ruzuku ya mwaka imeshaliwa kabla hujafika. Hilo Afisa Elimu Kata alijue siku hiyohiyo, kwa maandishi.

Kinachochelewesha zaidi ni saini za benki. Aliyeondoka bado ndiye mtia saini, wewe bado hujaingizwa, na fedha zinakaa zikionekana kwenye akaunti bila mtu wa kuzitoa. Usisubiri. Wiki ya kwanza itisha kikao cha kamati kipitishe mabadiliko ya watia saini. Chukua muhtasari, barua ya uteuzi wako, barua ya halmashauri kwenda benki, kitambulisho chako cha NIDA na picha. Kabla ya kupeleka, piga simu tawi lenyewe uulize wanataka nini kingine, kwani karatasi moja ikipungua faili zima linawekwa pembeni.

Mifumo ina kanuni yake. Usipokee neno la siri la mwenzako la mfumo wa fedha, wa takwimu za shule au wa PREM (mfumo wa Baraza la Mitihani wa kumbukumbu za wanafunzi). Kila kinachofanyika humo kinabaki na jina la mwenye akaunti. Mwandikie Afisa Elimu Msingi akaunti ya zamani ifungwe na yako ifunguliwe, na umwombe afisa wa TEHAMA wa halmashauri akusaidie. Hadi hapo uhamisho wa wanafunzi utasimama kwa siku chache. Waambie wazazi hivyo, wataelewa.

Stoo ihesabiwe kwa mikono. Leja inasema vitabu vya Kiingereza darasa la nne ni 180; vitolewe, vipangwe kumikumi, vihesabiwe. Vilivyo mikononi mwa watoto vitafutiwe daftari la kuazimia. Madawati hesabu mazima na mabovu kila upande, maana takwimu za halmashauri huhesabu yote pamoja na mwakani utaambiwa huna upungufu. Pokea pia muhuri, logibuku (kitabu cha matukio ya shule), cheti cha usajili wa shule, nyaraka za mipaka ya kiwanja (Dar es Salaam hii, kiwanja cha shule kisicho na karatasi kina jirani anayekisogelea), faili za walimu, kitabu cha adhabu na mihtasari ya kamati.

Halafu, Mwalimu, kuna makabidhiano ya watoto. Haya hayamo kwenye fomu yoyote, ndiyo maana tunakusihi uyafanye. Mwulize anayeondoka na walimu wa madarasa: nani haoni vizuri na lazima akae mbele? Nani ana kifafa au selimundu, na dawa zake ziko kwa nani? Nani analelewa na bibi na hana simu ya kupokea ujumbe? Nani haruhusiwi kuchukuliwa na mtu fulani? Orodha hii iandikwe kwenye karatasi moja ifungiwe kabatini. Haihusu ubao wa matangazo wala kundi la simu.

Ninasimamia kundi la WhatsApp la wazazi wa darasa la nne. Kila mwalimu akibadilishwa kunawaka moto. Mwalimu Mkuu ananiambia nitangaze, wazazi wananishambulia mimi. Tangazo zuri likoje? Na vipi kuhusu picha za watoto na matokeo? (Baba, Kimara)

Tangazo la mabadiliko ya walimu liandikwe na shule, liwe na jina la cheo cha aliyeliandika na tarehe, wewe ulisambaze tu jinsi lilivyo. Ukilifupisha kwa maneno yako, linakuwa lako. Shule itoe tangazo hilohilo kwa njia tatu: karatasi kwenye ubao wa getini, ujumbe kwenye kundi, na kipande kinachobandikwa kwenye daftari la mtoto kwa wazazi wasio na simu ya kisasa. Hao wa mwisho ndio husahauliwa, na katika shule nyingi za Tandale, Buza au Gongo la Mboto si wachache.

Tangazo lenye afya linajibu mambo matano: nani anaondoka na anaondoka lini, nani anashika darasa au somo lake, kipindi cha katikati kinajazwa vipi, watoto wameishia mada gani, na mzazi mwenye swali amwone nani, siku gani, saa ngapi. Mfano:

"Kwa wazazi wa darasa la nne B. Mwalimu wa Sayansi anahamia kituo kingine kuanzia Jumatatu ijayo. Vipindi vyake vitashikwa na mwalimu wa darasa la nne A hadi mwalimu mpya atakaporipoti. Darasa limemaliza mada ya tatu na mazoezi yote yamesahihishwa. Wiki ijayo ratiba ya Jumatano itabadilika: Sayansi itakuwa saa mbili asubuhi. Mwenye swali amwone mwalimu wa taaluma Alhamisi, saa nane hadi saa tisa mchana. Mwalimu Mkuu."

Sababu ya kuondoka haimo, na isiwemo. Ugonjwa, ndoa, kesi ya nidhamu: hayo ni ya mwalimu na mwajiri wake. Shule ikikaa kimya kabisa wazazi hutunga sababu. Ikitoa tarehe na mpango, wengi hawaulizi tena. Tangazo litoke kabla mwalimu hajaondoka. Likitoka baada ya mtoto kusimulia nyumbani, mzazi anasoma tangazo akiwa ameshakasirika.

Picha na matokeo ni jambo la sheria sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtoto zinahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi. Kwa vitendo: mwanzoni mwa mwaka shule itoe fomu ya mistari minne, mzazi atie alama kama anakubali picha ya mwanawe itumike kwenye mahafali, kwenye kundi la darasa, au kokote. Usitume picha yenye sare, jina la mtoto na kituo anachopandia gari kwa pamoja. Matokeo ya darasa zima yasipigwe picha na kurushwa kundini. Kila mzazi apewe ya mwanawe kwenye fomu ya maendeleo. Mtoto wa mwisho darasani naye ana mama aliyemo kwenye kundi hilo.

Tangazo la msiba lisubiri neno la familia, likiwa na jina sahihi na mahali pa mazishi. Rambirambi zisipitie namba ya simu ya mtu ambaye kamati haimjui.

Shule inatuomba 2,000 kwa mwezi kumlipa mwalimu wa kujitolea. Je, ni lazima? (Mlezi, Manzese)

Si lazima, na mwanao hawezi kurudishwa nyumbani kwa kutolipa. Serikali iliondoa ada na michango ya lazima kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na Waraka Namba 3 wa 2016 ukafafanua majukumu ya kila upande. Wazazi wanaruhusiwa kuchangia kwa hiari, baada ya kukubaliana mkutanoni.

Tungependa lakini ulichukulie ombi hilo kwa uzito, kwa sababu upungufu wenyewe ni wa kweli. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kwa darasa la awali ni mmoja kwa watoto 25. Shule ya wanafunzi 1,620 inahitaji walimu 36. Uliza yenu ina wangapi. Kwa walimu wapya, njia ya ajira imebadilika: waombaji sasa hupitia Sekretarieti ya Ajira na kufanyiwa usaili, kwa hiyo nafasi iliyoachwa wazi leo haijazwi mwezi ujao.

Mpango wa kujitolea huvunjika kwa sababu moja zaidi ya nyingine zote: hesabu inafanywa kana kwamba kila mzazi atalipa. Darasa lina watoto 120, mtu anazidisha kwa 2,000, anamwahidi kijana 240,000. Wakilipa 70 zinapatikana 140,000, na mwezi wa tatu kijana hayupo, darasa limepoteza walimu wawili badala ya mmoja. Mwahidini kile ambacho nusu ya wazazi wanaweza kukilipa. Ziada ikipatikana, mwongezeni nauli ya daladala.

Mwalimu huyo awe amesomea ualimu na vyeti vyake vionwe kwa macho, nakala ipelekwe kwa Afisa Elimu Kata. Apewe barua inayosema anafundisha nini, hadi lini, na kwamba si mwajiriwa wa serikali. Fedha zipite kwenye akaunti ya shule kwa risiti, na taarifa ya waliochangia na kilicholipwa ibandikwe ubaoni kila mwezi, kwa kiasi tu, bila majina ya wasiolipa.

Karibu nasi pamejengwa shule mpya, na watoto wetu wa darasa la tatu hadi la tano wamepangiwa kwenda huko. Walimu nao wanagawanywa. Tunaogopa shule zote mbili zitabaki nusunusu. (Wazazi, Chanika)

Woga wenu una msingi, ila shule mama yenye msongamano haiponi bila kugawanywa. Shule kadhaa za msingi zimejengwa miaka ya karibuni kupitia BOOST, mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya msingi, kwa nia hiyohiyo, na pembezoni mwa Dar es Salaam, ambako watoto wengine bado wanasoma kwa zamu mbili, ndiko nafuu inakotakiwa.

Tazameni mgawo wa walimu kwa somo. Idadi peke yake haisemi kitu. Shule mama ikiwa na walimu 30 na mpya ikapewa 12, ulizeni kati ya hao 12 wangapi wamebobea kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na kuna hata mmoja wa Kiingereza? Mara nyingi wanaokubali kuhama haraka ni vijana wasio na familia, hivyo shule mpya inaanza bila mwalimu mzoefu hata mmoja. Ombeni angalau wawili wazoefu.

Kila mtoto ana namba ya PREM. Uhamisho wake ufanyike kwenye mfumo, si kwa orodha ya karatasi peke yake. Mtoto aliyehamishwa kwa miguu lakini jina likabaki shule mama atapata shida kwenye usajili wa upimaji wa darasa la nne. Hakikisheni pia jina limeandikwa kama kwenye cheti cha kuzaliwa. Herufi moja iliyokosewa sasa ni safari tano za ofisini baadaye.

Na wazazi wa madarasa hayo wapewe maelezo ya mtaala. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 na unaelekea elimu ya msingi ya miaka sita, hivyo wazazi wa madarasa yaliyoanza nao wasikae wakihesabu darasa la saba bila kuuliza.

Mwalimu wa nidhamu mpya anachapa darasa zima kwa kuchelewa. (Mama, Tegeta)

Kanuni za mwaka 2002 ziko wazi. Anayeruhusiwa kuchapa ni Mwalimu Mkuu, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi. Viboko visizidi vinne. Msichana achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa shule haina. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Kuchapa darasa zima asubuhi hakumo humo. Mwombe Mwalimu Mkuu akuonyeshe idhini ya mwalimu huyo na kitabu cha adhabu. Mtoto akiumizwa, mpeleke hospitali, toa taarifa polisi kwenye dawati la jinsia na watoto, na unaweza kupiga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto.

Shule ya binafsi tunayolipa ada imebadilisha walimu sita katika muhula mmoja. Uongozi unasema "ni mambo ya ndani". (Mzazi, Mbezi)

Mikataba na mishahara ni mambo ya ndani. Nani anamfundisha mwanao, na ana sifa gani, si ya ndani. Ombeni kikao, mje na maswali yaliyoandikwa: walioingia wamesomea ualimu? Asiyesomea ana leseni ya kufundisha? Aliyetoka nje ya nchi ana kibali cha kazi? Alama za muhula zilizoachwa na walimu walioondoka ziko wapi? Hili la mwisho ndilo huumiza kimyakimya, maana mwalimu aliyeondoka kwa hasira au kwa kudai mshahara huondoka na daftari la alama, na shule inabuni alama za fomu ya maendeleo.

Mkikosa majibu, andikieni Afisa Elimu Msingi, nakala kwa Mthibiti Ubora wa Shule wa wilaya. Wathibiti ubora hukagua shule za serikali na za binafsi, na wakifika huomba kuona faili la kila mwalimu. Walimu wakiondoka kwa wingi kwa muda mfupi, sababu ya kawaida ni mishahara inayochelewa, kwa hiyo kabla ya kulipa ada ya muhula ujao ni busara kuuliza.

Natarajia kujifungua mwezi wa nane na mimi ndiye mwalimu pekee wa darasa la kwanza A. Nimwambie lini Mwalimu Mkuu? (Mwalimu, Kigamboni)

Mapema utakavyoweza, na kwa maandishi, mwalimu wetu. Likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 ukijifungua mapacha. Siku 84 ni wiki 12, na kwa siku tano za wiki hizo ni hadi vipindi vya siku 60 kati ya siku 194 za masomo kwa mwaka, ukitoa likizo fupi. Shule ikijua miezi mitatu kabla, mwenzio anaweza kuingia darasani kwako mara mbili kwa wiki ili watoto wamzoee, kwani wa darasa la kwanza humlilia mwalimu wao. Mwachie azimio la kazi lenye alama ulipoishia, na orodha ya watoto kwa makundi matatu: wanaosoma sentensi, wanaosoma silabi, na ambao bado wanatafuta herufi. Akiipata hiyo ataanza kufundisha siku ya kwanza. Asipoipata, wiki mbili zitakwenda kwa kupima upya.

Mwalimu wetu mpendwa anatimiza miaka 60 mwakani. Wazazi tunataka kumuaga vizuri, naye ana wasiwasi na mafao. (Kamati ya wazazi, Sinza)

Kwa kuaga: undeni kamati ya watu watano, kiwango kiwe cha hiari, mapato na matumizi yasomwe hadharani, na zawadi itolewe mbele ya watu siku ya mahafali au Oktoba 5, Siku ya Walimu Duniani. Mwulizeni anachohitaji. Bati au tangi la maji litamfaa kuliko kochi la tatu.

Kwa mafao: kustaafu kwa hiari ni miaka 55, kwa lazima 60. Aanze kukusanya karatasi sasa: barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, ya kupandishwa daraja mara ya mwisho, hati ya mshahara ya karibuni, kitambulisho cha NIDA na maelezo ya benki. Kinachokwamisha zaidi ni majina. Barua ya ajira ina majina mawili, NIDA ina matatu, cheti cha ualimu kina jina la kabla ya ndoa. Alinganishe herufi kwa herufi, na penye tofauti aandae kiapo mapema. Ahakiki pia michango yake PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, hasa ya miaka ya kabla ya 2018, wakati mifuko ya zamani ilipounganishwa. Mwezi ambao mchango hauonekani ni rahisi kuufuatilia akiwa bado kazini, faili lake likiwa halmashauri, kuliko akishahamia Kibaha au Mkuranga kulima.